Mwani wa maji baridi haukui: namna ya kujua kama ni metali nzito, na ni ipi

Lishe ya BBM, ambayo maabara nyingi huitumia kuoteshea Chlorella na jamaa zake, ina shaba ipatayo mikrogramu 400 kwa lita na zinki miligramu 2. Mwani hunawiri humo. Itengeneze tena bila EDTA, ile kemikali yake inayoshika metali, usibadilishe kingine chochote, na mbegu utakayopanda, yaani mwani wa kuanzishia, haitafika mbali. Shaba ni ileile kwa kipimo. Tofauti ni kwamba sasa iko huru.

Hilo ndilo la kushika kabla ya kugusa chupa yoyote. Seli ya mwani haidhuriwi na metali yote iliyomo majini. Inayodhuru zaidi ni ioni ambayo haijashikwa na kitu, inayoweza kupenya kwa milango ileile ambayo seli huitumia kuingiza chuma, zinki na manganisi. EDTA, mboji iliyoyeyuka, kaboneti, fosfeti, hata kuta za seli zenyewe, vyote huishika metali na kuipunguza makali. Kwa hiyo cheti cha maabara kinachosema "shaba 0.03 mg/L" hakikuambii kama mwani utaishi. Na maji yanayofaa kunywewa yanaweza kabisa kuua mwani: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unakubali shaba hadi miligramu 2 kwa lita, wakati spishi nyingi za mwani wa kijani huanza kupunguza kasi shaba huru ikifika makumi machache ya mikrogramu, na zipo zinazoumia chini ya mikrogramu 10.

Maelezo haya yanamfaa anayeotesha mwani maabara na vilevile anayetengeneza maji ya kijani kwa ajili ya vifaranga vya samaki.

Kabla ya kuilaumu metali

Kesi nyingi za "maji yana sumu" hazina metali ndani yake. Ya kwanza ni klorini ya maji ya bomba. Puliza hewa saa 24, klorini ya kawaida itatoka. Kloramini haitoki kwa njia hiyo, basi weka thiosalfeti ya sodiamu, miligramu 7 za chembe zake kwa kila miligramu 1 ya klorini. Tangi jipya la saruji hupandisha pH kupita 10: lijaze, limwage, lijaze tena, mpaka maji yaliyolala humo siku mbili yabaki chini ya 9. Joto lipime ndani ya maji, si chumbani. Chupa iliyobanana na taa hupita nyuzi 35 bila mtu kujua, na hapo spishi nyingi husimama.

Njaa ya naitrojeni nayo ina sura yake. Mwani unakuwa umekua vizuri kwanza, kisha wote kwa pamoja unafifia kuelekea njano, na ukiongeza naitreti kijani kinarudi ndani ya siku moja au mbili. Metali haisameheki haraka hivyo.

Mbegu haianzi, au inaanza baada ya siku nyingi

Siku nne za mwanzo hakuna kinachoongezeka, halafu siku ya sita maji yanaanza kupata rangi. Watu husema mwani "umezoea". Wakati mwingine ni kweli, ila mara nyingi kilichotokea ni kwamba kuta na ute wa seli za mwanzo, nyingi zikiwa zimeshakufa, zimenasa shaba au zinki, kiasi kilichobaki huru kikashuka, na seli chache zilizosalia zikapata nafasi ya kugawanyika.

Kwa sababu hiyohiyo, wingi wa mbegu hubadilisha jibu. Tuseme maji yana mikrogramu 20 za shaba kwa lita. Ukipanda seli 10,000 kwa mililita, fungu la kila seli ni mara mia ya fungu ambalo ingepata kama ungepanda milioni 1. Itumie tofauti hii kama kipimo cha haraka: maji yaleyale, lishe ileile, chupa mbili, moja uipande seli 10,000 kwa mililita na nyingine milioni 1. Nzito ikikua na nyepesi ikakwama, tatizo si mwanga wala joto, maana chupa zote mbili zinavipata sawasawa. Kuna kitu majini ambacho seli zinakinasa au kukimaliza, na kama klorini umeshaiondoa, mshukiwa mkuu ni metali.

Sasa kaitafute inakotoka. Koki za shaba ya manjano kwenye bomba la maji au la hewa huachia shaba na zinki, hasa maji yakilala ndani usiku kucha. Fungua na umwage ya kwanza kabla ya kukinga. Mtambo wa kukeneka maji wenye koili ya shaba hutoa maji yanayoonekana safi kuliko yote na yenye shaba kuliko yote. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati jipya hubeba zinki, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi. Vizibo na mipira myeusi huachia zinki, kwa sababu oksidi ya zinki hutumika kuutengeneza mpira. Weka pamba au silikoni badala yake. Kuna pia wanaofunga chubwi za risasi kwenye mpira wa hewa ili usielee. Zitoe, funga kokoto au kipande cha kioo.

Chanzo kingine kimo kwenye mkono wa mtengeneza lishe. BG-11, lishe nyingine ya mwani, huwekewa mililita 1 ya mchanganyiko wa virutubisho vidogo kwa kila lita, na hiyo hutoa shaba ipatayo mikrogramu 20 na zinki 50. Ukikosea ukamimina mililita 10, shaba inafika 200, na EDTA ya BG-11 ni kidogo, miligramu 1 tu kwa lita, ambayo nyingi yake itakuwa imeshanyakuliwa na chuma. Kosa lililojificha zaidi ni la lebo: salfeti ya shaba isiyo na maji ndani yake ina shaba mara 1.56 ya ile ya buluu yenye molekuli 5 za maji. Na usijaribu kupima miligramu 79 kwa mizani isiyo na uwezo huo. Yeyusha gramu 0.79 ya chembe za buluu katika mililita 100, kisha chukua mililita 10 za myeyusho huo kwa kila lita ya mchanganyiko wa virutubisho vidogo.

Kipimo cha rangi kinapanda, hesabu ya seli haipandi

Hii ndiyo dalili tunayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayokosekana kwenye daftari la anayetumia spektrofotomita, mashine ya kupima rangi na ukungu wa maji, peke yake. Shaba na kadimi huzuia seli kugawanyika kabla ya kuzuia kila kitu kingine. Usanisinuru unaendelea kwa muda, seli inajaza wanga, inavimba, lakini haitoi seli mpya. Mashine inaona ukungu mzito zaidi na kukuambia mwani unakua.

Weka tone kwenye kioo cha kuhesabia na uangalie kwa lenzi ya 40 ya hadubini. Chlorella yenye afya ni vidonge vidogo, vingi vikiwa mikroni 3 hadi 6, vya ukubwa unaokaribiana, na hapa na pale seli mama yenye seli changa 4 ndani yake. Kwenye chupa yenye shaba utaona mapande makubwa yaliyojaa chembechembe, na seli mama nyingi ambazo seli changa zimeshatengenezwa ndani lakini ukuta haujapasuka kuziachia. Ukikuta hivyo, huna haja ya kujiuliza kama mwanga unatosha.

Neno moja kuhusu kuhesabu. Kwenye kioo cha Neubauer, mraba mkubwa mmoja una ujazo wa mililita 0.0001, kwa hiyo unazidisha kwa 10,000. Maana yake chupa yenye seli 10,000 kwa mililita itakuonyesha seli moja tu kwa mraba, na hesabu ya namna hiyo ni bahati nasibu. Wingi wa kuanzia usiuhesabu chupani. Hesabu mbegu nzito, kisha piga hesabu ya kuizimua. Na kila unapohesabu, usiishie chini ya seli 200.

Kijani kisichokua, na njano isiyopona

Maji ni ya kijani kibichi wiki nzima, hayazidi wala hayapungui. Usifikiri mwani umepumzika. Katika mwanga hafifu, shaba inaweza kuingia mahali pa magnesi katikati ya klorofili, na klorofili ya shaba haififii hata seli ikiwa imeshakufa. Ni tabia ileile inayotumiwa kwenye rangi ya chakula E141, ambayo hudumu kijani kwa sababu ya shaba iliyowekwa ndani yake. Kwa hiyo rangi haithibitishi uhai. Chukua mililita 1 ya mwani huo, itie kwenye mililita 100 za BBM kamili, ipe mwanga wa kutosha. Ikichipuka ndani ya siku tatu au nne, metali ilikuwa imezuia tu. Isipochipuka, imeua.

Njano ina maelezo mawili, na ni rahisi kuyachanganya. Kadimi, zinki ikizidi na zebaki huharibu klorofili moja kwa moja. Lakini metali hizohizo, pamoja na nikeli na kobalti, huweza pia kuleta njaa ya chuma, kwa kugombania milango ya kuingilia kwenye seli au kwa kukisukuma chuma nje ya EDTA iliyokuwa imekishika. Ndiyo maana kuongeza chuma pamoja na EDTA mara nyingi hurudisha kijani hata pale ambapo hakukuwa na upungufu wa chuma kwenye lishe. Uponaji huo usikudanganye kwamba kosa lilikuwa la lishe.

Mashapo ya kahawia au meupe chini ya chupa

Maji ya kisima kirefu mara nyingi huja na chuma kilichoyeyuka. Kikikutana na hewa kinakuwa kutu, na kutu hiyo inashuka chini ikiwa imebeba fosfeti yako yote. Mwani unakufa njaa ya fosforasi huku wewe ukitafuta sumu. Puliza hewa kwenye maji saa 24, yachuje, halafu ndipo utie virutubisho. Mashapo meupe kwenye pH ya zaidi ya 9 huwa ni kalsiamu na fosfeti au kaboneti, nayo huwakokota mwani chini pamoja nayo. Hapo dawa ni kupunguza pH kwa hewa yenye kaboni dayoksaidi, hakuna metali ya kutafuta.

Chupa moja inakua, jirani yake imekufa

Maji ni yaleyale, mbegu ileile, ila chupa tatu hazifanani. Angalia historia ya vyombo. Kioo hunasa metali na kuiachia baadaye, kwa hiyo chupa iliyotumika mwezi uliopita kwa jaribio la shaba bado ina shaba. Loweka vyombo vyote kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10 kwa saa 24, suuza mara sita kwa maji yaliyoondolewa ioni, na vile vya majaribio ya metali visirudi kamwe kwenye kuoteshea mbegu. Sabuni haiitoi metali.

Maji yaliyokuwa mazuri yameharibika

Uliza kilichobadilika kwenye chanzo. Mrututu, yaani salfeti ya shaba ya buluu, ni wa kwanza: hutiwa kwenye matangi na mabwawa kuua mwani au magonjwa ya samaki, na kila miligramu 1 yake ni shaba miligramu 0.25. Wengi wanadhani baada ya wiki umekwisha. Umehamia kwenye tope na kuta, na pH ikishuka, kwa mfano mvua ikiingia, sehemu yake hurudi majini. Kwenye miteremko ya kahawa ya Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya, dawa za shaba zimetumika miaka mingi dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, kwa hiyo maji ya mfereji mwanzoni mwa mvua yanastahili kutiliwa shaka kuliko ya kiangazi. Palipo na uchenjuaji wa dhahabu kwa zebaki, kama kwa wachimbaji wadogo wa Geita, au tope la migodi ya shaba na kobalti kama lile lililoingia ziwa Tshangalele karibu na Likasi, usitumie maji ya mto kuoteshea mwani bila kuyapima kwanza.

Kuna kisa kingine ambacho huwashangaza wengi: maji ya mto yenye rangi ya chai yanaotesha vizuri, mtu anaamua kuyasafisha kwa mkaa wa kuchujia, na mwani unakufa. Ile rangi ilikuwa mboji iliyoyeyuka, nayo ndiyo iliyokuwa imeishika shaba. Mkaa ulipoitoa mboji, shaba iliyobaki ikawa huru.

Jaribio la kuikamata

Vipimo vya matone vinavyouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo havitakusaidia. Vingi huanza kuona shaba pale ambapo mwani umeshakufa. Mwani wenyewe ni kipimo bora. Tumia lishe yenye EDTA kidogo, kama ile ya OECD 201, mwongozo wa kimataifa wa kupima sumu kwa mwani, ambayo ina miligramu 0.1 tu kwa lita. BBM kamili ina EDTA ipatayo mikromola 170 na itaficha kila kitu.

Mbegu iwe imekuzwa siku 2 hadi 4 kwenye lishe ileile ya jaribio, ili iwe kwenye kasi yake kamili. Kama imetoka BBM, izungushe kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, ioshe kwa lishe mpya, na urudie. Usipoiosha, mililita 1 ya BBM ndani ya mililita 100 inaingiza EDTA ya kutosha kufunga karibu mikrogramu 100 za shaba kwa lita, na jaribio lako limekwisha kabla ya kuanza.

Tengeneza myeyusho wa akiba wa EDTA: gramu 3.72 za chumvi ya EDTA yenye sodiamu mbili katika lita 1. Mililita 1 ya huo kwa lita moja ya maji ni mikromola 10, ambayo, molekuli moja kwa ioni moja, yatosha kufunga mikrogramu 635 za shaba kwa lita. Kisha andaa mililita 50 kwenye chupa ya koni ya mililita 250, tatu kwa kila aina:

A – lishe iliyotengenezwa kwa maji yaliyoondolewa ioni
B – lishe iliyotengenezwa kwa maji unayoyashuku
C – kama B, na EDTA mikromola 3, nyingine 10, nyingine 30
D – kama A, na EDTA mikromola 10
E – kama B, na thiosalfeti ya sodiamu miligramu 10 kwa lita
F – kama B, na K₂HPO₄ miligramu 10 kwa lita
G – B nusu na A nusu

Ziache usiku kucha kabla ya kupanda. Hili si la hiari: EDTA kwenye maji magumu huanza kwa kushikana na kalsiamu, iliyo nyingi, na huchukua saa kadhaa kuiachia na kuishika shaba. Panda seli 10,000 kwa mililita, nyuzi 21 hadi 24, mwanga wa mikromoli 60 hadi 120 kwa mita ya mraba kwa sekunde, ziba kwa pamba, tikisa angalau mara mbili kwa siku, hesabu kila saa 24 mpaka 72.

A ikikua na B ikakwama, maji yana tatizo. C ikipona, ni metali ya aina ya ioni chanya: shaba, zinki, kadimi, nikeli, kobalti au risasi. Kipimo cha EDTA kilichoiponya kinakupa na ukubwa wa tatizo. Ikipona kwenye mikromola 3, hesabu yako ni makumi ya mikrogramu hadi mia moja na kitu ya shaba. Ikihitaji 30, una maji ya mgodini au kosa kubwa la lishe. Lakini tazama D kabla ya kushangilia. D ikikua kuliko A, basi lishe yako yenyewe haina chuma cha kutosha kinachobaki kimeyeyuka, na EDTA inaponya njaa hiyo, si sumu.

E ikipona peke yake, rudi kwenye klorini. E ikipona na C haikupona, na klorini umeshaipima haipo, fikiria fedha au zebaki, ambazo hushikwa vizuri na salfa. Zebaki EDTA huishika pia, ila ulinzi wake kwa mwani si wa kutegemewa.

F ikipona, ama ni njaa ya fosforasi ya kisima chenye kutu, ama ni aseniki. Aseneti, umbo la aseniki linalofanana na fosfeti, huingia kwenye seli kwa mlango wa fosfeti, ndiyo maana hudhuru zaidi fosfeti ikiwa haba, na miamba yenye dhahabu mara nyingi huwa nayo. Kutofautisha ni rahisi: pima fosfeti iliyoyeyuka kwenye B. Ikiwa ipo sawa na A na bado mwani ulihitaji zaidi, peleka maji maabara na uandike aseniki kwenye fomu.

Hakuna kilichopona isipokuwa G? Kromi ya aina ya kromati ni mshukiwa, kwa kuwa EDTA haiigusi. Yenyewe hupita kwenye mlango wa salfeti, basi jaribu B yenye salfeti ya magnesi miligramu 200 kwa lita. Ukiona nafuu, umepata dokezo. Usipoona, dawa za magugu kutoka mashambani zinaanza kuwa jibu linaloelekea zaidi kuliko metali.

Ukipeleka maji maabara, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama uko Tanzania, chuja sehemu kwa kichujio cha mikroni 0.45, iache nyingine bila kuchuja, tia asidi safi ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2, zote kwenye chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi. Uliza kwanza kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kuona. Jibu la "haikuonekana" kutoka mashine inayoanzia mikrogramu 50 halina thamani kwa mwani.

Hesabu

Kasi ya ukuaji ni logi asilia ya wingi wa mwisho kutoa logi asilia ya wingi wa mwanzo, ugawe kwa siku. Chukua mfano wa A iliyotoka seli 10,000 hadi 1,000,000 kwa siku 3: kasi ni 1.535 kwa siku. B imefika 80,000: kasi 0.693. Kasi imepungua kwa asilimia 55. Ukilinganisha mavuno badala ya kasi, upungufu ni asilimia 93. Namba zote mbili ni sahihi, ila hazilinganishwi. Mtu akikuambia "shaba ya kiasi fulani inapunguza nusu", muulize nusu ya nini.

Jaribio zima halihesabiwi kama A haikuongezeka angalau mara 16 ndani ya saa 72, au kama pH yake imepanda zaidi ya 1.5. Kwa Raphidocelis subcapitata, mwani wa kijani unaotumika sana katika majaribio haya, kasi za chupa za A zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 7.

Unapotia metali kwa makusudi

Anayepima sumu ya shaba aanze na myeyusho wa gramu 1 ya shaba kwa lita, yaani gramu 3.93 za salfeti ya shaba ya buluu, aushushe hadi 0, 1, 3, 10, 30, 100 na 300 µg/L. Matatizo hujirudia yaleyale.

Risasi inaonekana haina madhara. Imegandana na fosfeti na kaboneti ikashuka chini. Punguza fosfeti, punguza muda, na pima kilichobaki kimeyeyuka badala ya kuamini ulichomimina.

Matokeo ya wiki hii ni mara kadhaa ya wiki iliyopita. Angalia pH. Ioni za haidrojeni hugombania mahali na shaba kwenye ukuta wa seli, kwa hiyo kutoka pH 5.7 kwenda 6.5 shaba huru huongezeka makali waziwazi. Mwani unaokua hupandisha pH wenyewe, na kupanda kwa nusu tu kunatosha kuvuruga jaribio.

Mwani hauogopi tena. Mbegu iliyohamishwa kwa miezi kwenye lishe yenye metali nyingi huanza kuvumilia. Tunza mbegu mama kwenye lishe ya kawaida na uanzishe kila jaribio kutoka hapo.

Kiasi cha mwisho si ulichoanza nacho. Seli zimekinasa, kioo kimekinasa, na zebaki imepaa hewani. Pima mwanzoni na mwishoni, kwenye chupa zenye mwani na zisizo na mwani.

Marekebisho, na mpaka wake

Ondoa chanzo kwanza: koki, mpira, bati, koili. Lishe ikikubali, EDTA ya mikromola 10 hadi 30 humaliza kesi nyingi za shaba na zinki. Usiongeze tu kwa sababu ya kwanza ilisaidia. Ikizidi mno inanyima seli chuma na zinki zinazohitaji, na njano inarudi kwa mlango mwingine. Panda mbegu nzito, milioni 1 kwa mililita. Maji ya mvua ya kwanza yamwage.

EDTA, hata hivyo, haiondoi metali majini. Kwa shaba na zinki za kiasi kidogo hilo si tatizo kubwa. Kwa kadimi, risasi, aseniki na zebaki usiokoe mwani huo kwa chochote ukaulisha vifaranga vya samaki au ukaukausha kwa chakula cha watu. Seli iliyopona imebeba metali ndani yake, na zebaki ya methili hujikusanya kwenye seli za mwani maelfu ya mara kuliko ilivyo kwenye maji yanayozizunguka. Hiyo ndiyo hatua yake kubwa kuliko zote kuelekea kwa samaki. Maji hayo, seli zake, na mabaki yote ya majaribio ya zebaki, kadimi na kromati yaingie kwenye dumu lenye kifuniko na lebo ya metali iliyomo, lisubiri kuchukuliwa kama taka za kemikali. Sinki linaishia mtoni, na mtoni kuna mwani uleule.